Maneno ya uvivu na ya kuzuia katika Kiingereza: Yalikotoka na yanavyotugusa

MANENO hayazaliwi yakiwa mabaya au mazuri. Sifa hizo hupewa na watu wanaoyatumia, na aghalabu na wale wenye uwezo wa kuwaamuru wengine. Jambo hili linaonekana wazi tukiyachunguza maneno ya Kiingereza yanayohusu uvivu kwa upande mmoja, na yale yanayohusu kuzuia na kujizuia kwa upande wa pili.

Kwa mkazi wa mji wa Afrika Mashariki suala hili haliwahusu wanafunzi wa lugha peke yao. Neno "idle" liliingizwa katika sheria zetu za makosa ya jinai tangu enzi za ukoloni. Kwa neno hilo watu wamekamatwa njiani, wamelipishwa faini na wengine wamelala mahabusu, ilhali hawakuiba wala kumpiga mtu. Kwa hiyo, kujua lilikotoka neno hilo na wenziwe ni kujua pia kinachosemwa juu yetu pale tunapoitwa wavivu.

"Idle" maana yake ni tupu

Tuanze na neno lenyewe. "Idle" ni neno la Kiingereza cha kale, lugha iliyozungumzwa Uingereza kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066. Wakati huo liliandikwa "idel", na maana yake ya msingi ilikuwa "tupu", yaani kitu kisicho na kitu ndani yake, au jambo lisilo na thamani. Wajerumani wanalo neno la ukoo huo huo, "eitel", ambalo kwao limechukua maana ya mtu mwenye majivuno, anayejitukuza kwa mambo matupu.

Maana hiyo ya utupu haijafa. Mwingereza anaposema "idle talk" hakusudii mazungumzo ya mtu mvivu. Anakusudia maneno matupu, yale ambayo Waswahili walikwisha kuyahukumu kwamba hayavunji mfupa. "Idle threat" ni kitisho kisicho na nguvu nyuma yake. Mashine iliyo "idle" haina kosa lolote, ila haijapewa kazi. Na injini ya gari inayonguruma huku gari limesimama, nayo husemwa kwamba ina-"idle".

Kutoka utupu hadi ukosefu wa kazi ni hatua fupi, kwa kuwa mikono mitupu ni mikono isiyoshika jembe wala nyundo. Lakini hatua inayofuata, ile ya kusema kwamba mwenye mikono mitupu hataki kazi, ni jambo jingine kabisa. Kiingereza kinabeba maana zote mbili ndani ya neno moja. Mtu "idle" anaweza kuwa aliyeikosa kazi, na anaweza kuwa anayeikimbia. Kiswahili kimewatenganisha watu hao: asiye na kazi ni mmoja, na mvivu ni mwingine. Tofauti hiyo tuiweke akilini, maana tutaihitaji tutakapofika kwenye sheria.

Neno "vacation", yaani likizo, lina historia inayofanana na hiyo. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini "vacare", ambacho maana yake ni kuwa tupu. Kitenzi hicho kimezaa pia "vacuum", yaani ombwe, na "vacancy", yaani nafasi ya kazi iliyo wazi. Jaji wa mahakama kuu akipumzika husemwa yuko katika "vacation". Kijana aliyemaliza chuo akizunguka na vyeti vyake anatafuta "vacancy". Wote wawili wanahusiana na utupu, lakini utupu wa mmoja ni heshima na utupu wa mwingine ni aibu.

Mapumziko yaliyozaa shule

Ukitaka kuona jinsi kutofanya kazi kulivyokuwa jambo la sifa, litazame neno "leisure", yaani wakati wa mapumziko. Neno hili liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale karibu na mwaka 1300. Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini "licere", maana yake "kuruhusiwa". Kwa hiyo mwenye "leisure" hakuchukuliwa kuwa mtu aliyekaa bure. Alikuwa ni mtu mwenye ruhusa ya kuutumia wakati wake atakavyo.

Kitenzi hicho hicho ndicho kilichozaa "licence", neno ambalo sisi tumelipokea kama leseni. Dereva wa daladala mwenye leseni mfukoni na mstaafu aliyeketi barazani jioni wameunganishwa na neno moja la Kilatini, kwa kuwa kila mmoja ana ruhusa yake. Kinyume chake ni "illicit", jambo lisiloruhusiwa. Ndiyo maana magazeti ya Kiingereza ya Nairobi huiita chang'aa "illicit brew", pombe isiyo na ruhusa.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Ruhusa hutolewa na mtu. Aliyekuwa na "leisure" ni yule ambaye hakuwa na bwana wa kumwamuru, au ambaye bwana wake alimruhusu. Mtumwa na kibarua wangeweza kukaa bila kazi kwa saa nzima, na bado kukaa kwao kusiitwe "leisure", kwani hapakuwa na aliyewaruhusu. Kukaa kwao kuliitwa "idleness". Kitendo ni kile kile. Kilichobadilika ni mtu anayekitenda.

Wayunani wa kale walikwenda mbali zaidi. Neno lao la mapumziko lilikuwa "skhole". Aristotle, mwanafalsafa aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mwanadamu hufanya kazi ili hatimaye apate "skhole". Na kwa kuwa mtu huru aliyepata nafasi hiyo aliitumia kwa kujadiliana na kujifunza, neno likahama polepole kutoka kwenye mapumziko hadi kwenye mafunzo, na kutoka mafunzo hadi mahali yanapotolewa. Warumi wakalichukua kama "schola", Waingereza wakawa na "school", na Wajerumani wakawa na "Schule".

Kiswahili kimelipokea neno hilo mara mbili kwa njia mbili tofauti. Wajerumani, waliotawala Tanganyika hadi Vita Kuu ya Kwanza, walituachia "shule". Visiwani Zanzibar, ambako Waingereza ndio waliokuwa na nguvu, watu husema "skuli". Shule na skuli ni ndugu wa baba mmoja Myunani. Mzazi anayemfokea mtoto wake aache uvivu aende shule anamwambia, kwa asili ya neno, aende mapumzikoni.

Hata hivyo, tusiwasifu Wayunani kupita kiasi. Mapumziko ya wachache wale yalibebwa na migongo ya watumwa waliolima, waliopika na waliochimba madini. Neno zuri la "skhole" halikuwahusu.

Warumi nao walikuwa na neno "otium" kwa mapumziko. Walipotaka neno la shughuli na biashara, walichukua lile la mapumziko wakalitia kikanushi mbele, likawa "negotium", yaani kutokuwa na mapumziko. Kutoka hapo Kiingereza kimepata "negotiate", kufanya majadiliano ya kibiashara au ya kisiasa. Kwa Mrumi tajiri, hali ya kawaida ya mtu huru ilikuwa mapumziko, na kazi ndiyo iliyohitaji kuelezwa kwa kukanusha. Leo tumeigeuza hesabu hiyo, na asiye kazini ndiye anayetakiwa kujieleza.

Uvivu unapokuwa dhambi na ugonjwa

Mabadiliko makubwa yalianzia mahali ambapo wengi hawapatarajii, katika majangwa ya Misri. Katika karne ya nne, watawa wa Kikristo waliishi huko peke yao wakisali na kufanya kazi za mikono. Mmoja wao, Evagrius wa Pontus, aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya hali iliyomvamia mtawa wakati wa adhuhuri. Mtawa aliona jua haliendi, akachungulia nje mara kwa mara, akachukia chumba chake na kutamani kuondoka. Hali hiyo iliitwa "akedia", neno la Kiyunani lenye maana ya kutojali. Haukuwa uvivu wa mikono, bali ni uchovu wa roho, jambo ambalo madaktari wa leo wangeliangalia kwa huruma.

Evagrius aliorodhesha mawazo mabaya manane. Papa Gregori Mkuu, aliyeongoza Kanisa kati ya mwaka 590 na 604, aliyapanga upya yakawa saba, na orodha hiyo ilipozidi kutengenezwa katika karne zilizofuata ikawa ndiyo mizizi saba ya dhambi. Waingereza walipotafuta neno lao kwa "akedia", walichagua "sloth". Neno hili limeundwa kwa "slow", maana yake polepole, likaongezwa kiambishi cha kufanya nomino. Kwa hiyo ugonjwa wa roho wa mtawa aliyechoka jangwani ukawa polepole ya mtu yeyote yule, akiwamo kibarua shambani. Kuchelewa kazini kukageuka kuwa dhambi mbele ya Mungu.

Katika karne ya 17 Waingereza walimpa jina hilo hilo mnyama wa misitu ya Amerika ya Kati na ya Kusini, anayening'inia mtini na kusogea taratibu mno. Mnyama huyo hastahili lawama. Chakula chake kikubwa ni majani yenye nguvu kidogo, na mwili wake huchukua siku nyingi kuyasaga. Polepole yake ndiyo inayomfanya aishi. Binadamu walimwona tu wakamtia jina la dhambi.

Maneno mengine ya uvivu yametoka hospitalini. "Indolent", ambalo leo ni mtu mzembe asiyependa kujisumbua, limetokana na Kilatini "dolere", kuumwa, pamoja na kikanushi. Maana yake ya asili ni "isiyouma". Madaktari bado wanalitumia hivyo, na uvimbe "indolent" ni ule usiouma au unaokua taratibu. Kutoka kwa asiye na maumivu, neno likahamia kwa asiyejitia katika maumivu, kisha kwa asiyetaka taabu yoyote.

"Lethargy", yaani hali ya kulegea na kusinzia, ni la Kiyunani. Limeunganishwa kwa "lethe", usahaulifu, na "argos", asiyefanya kazi. Neno "argos" lenyewe ni mkato wa "a", kikanushi, na "ergon", kazi. Mwaka 1894 wanasayansi wawili wa Uingereza, Lord Rayleigh na William Ramsay, waligundua gesi hewani ambayo haikubali kuungana na kitu kingine. Wakaiita "argon", yaani gesi isiyofanya kazi. Gesi hiyo ni karibu asilimia 1 ya hewa tunayovuta, na kwa sababu ya "uvivu" wake huo ndiyo mafundi wa kuchomelea huitumia kuikinga metali ya moto isiharibiwe na hewa. Utulivu wake ndio kazi yake.

Kuhusu neno la kawaida kabisa, "lazy", hilo lilianza kuonekana katika maandishi ya karne ya 16, na wataalamu wengi hulihusisha na lugha za Ujerumani ya Kaskazini. "Procrastinate", yaani kuahirisha, lina asili iliyo wazi zaidi. Ndani yake mna neno la Kilatini "cras", maana yake kesho. Ni kulisukuma jambo la leo hadi kesho, tabia ambayo wazee wetu waliionya waliposema linalowezekana leo lisingoje kesho.

Hatamu, kamba na moto uliofunikwa

Sasa tuugeukie upande wa pili, maneno ya kuzuia. Mengi kati ya haya yalitoka zizini. "Curb", kuzuia au kupunguza, lilikuwa ni ukanda au mnyororo uliopita chini ya taya la farasi ili akivutwa ainamishe kichwa. Linatokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kupinda. "Bridle" ni vifaa vyote vya kichwani mwa farasi vya kumwongozea, na hasira "unbridled" ni hasira isiyozuilika, kama farasi aliyevuliwa vifaa hivyo.

Kiswahili hakiko mbali na mawazo haya. Tunalo neno lijamu kwa chuma kinachotiwa kinywani mwa mnyama, na hatamu kwa kamba inayoshikwa na mpandaji, yote mawili yakiwa na asili ya Kiarabu. Katika siasa za Tanzania za enzi ya chama kimoja ilisemwa kwamba chama kimeshika hatamu. Aliyetumia msemo huo alijua kwamba mwenye kushika hatamu ni mmoja, na mwenye kuvaa lijamu ni mwingine.

Neno la ajabu kuliko yote katika kundi hili ni "restive". Msomaji akilisikia atadhani lina uhusiano na kupumzika, na kidogo hajakosea. Linatokana na kitenzi cha Kifaransa "rester", kubaki mahali. Hapo zamani farasi "restive" alikuwa ni yule aliyegoma kwenda. Alisimama hapo, akipigwa asisogee. Lakini farasi wa namna hiyo hurusha mateke, hutikisa kichwa, huzunguka alipo. Basi watu wakaitazama fujo yake wakausahau ukaidi wake wa kusimama, na neno likageuka. Leo umati "restive" ni umati usiotulia, uliochoshwa na kuzuiwa. Neno lililoanza kwa kusimama tuli limeishia kwenye kutotulia.

Kutoka zizini twende kwenye kamba. "Restrain", kuzuia, linatokana na kitenzi cha Kilatini "stringere", kukaza, likiwa na kiambishi cha kurudisha nyuma. Ni kumvuta mtu nyuma na kumkazia. Ukoo wake ni mkubwa: "strict", mkali, ni kitu kilichokazwa; "constrain" ni kubana pamoja; na "stress", neno ambalo siku hizi kila mtu mjini analo mdomoni kama "stresi", lilipata sehemu ya maana yake kutoka humo humo. Mwenye stresi ni mtu aliyekazwa.

Mwana mwingine wa ukoo huo atawashangaza wengi. Ni "district", yaani wilaya. Kabla ya kuwa eneo lililochorwa kwenye ramani, neno hili katika Kilatini cha Zama za Kati lilikuwa na maana ya mamlaka ya kuwashika na kuwabana wakosaji. Baadaye likawa eneo ambalo mamlaka hiyo inafika. Nchini Tanzania, Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 iliwapa wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48, uwezo ambao umelalamikiwa mara nyingi na watetezi wa haki za binadamu. Walioitunga sheria hiyo huenda hawakuwa na habari ya Kilatini, lakini waliirudisha "district" kwenye maana yake ya kwanza.

Ndugu wa "district" ni "distress", yaani dhiki. Katika sheria, "distress" ni kushika mali ya mtu ili alipe anachodaiwa. Sheria ya Kenya ya kumpa mwenye nyumba uwezo wa kushika vyombo vya mpangaji aliyeshindwa kulipa kodi, Sura ya 293, iliitwa kwa neno hilo. Mpangaji anayetazama kochi na televisheni yake vikipakiwa kwenye gari la dalali hana haja ya kufafanuliwa kwa nini kushikwa mali na dhiki vikawa na jina moja.

"Curfew", ambalo wengi sasa huliandika kafyu, ni Kifaransa cha kale: "couvre-feu", funika moto. Katika miji ya zamani ya Ulaya nyumba nyingi zilijengwa kwa mbao, na kengele ililia jioni kuwataka wakazi wafunike mioto yao ili mji usiungue. Baadaye amri ya kufunika moto ikawa amri ya kufunika watu wenyewe majumbani. Wakazi wa Kenya waliokaa chini ya kafyu ya UVIKO-19 kuanzia Machi 2020 hadi Oktoba 2021 walikuwa, kwa asili ya neno, wanatii amri ya zimamoto.

Yapo pia maneno ya kujizuia mwenyewe, nayo ni ya heshima. "Abstain" limetokana na "tenere", kushika. Mwenye kujinyima pombe ni mtu aliyejishika. "Temperance" limetokana na kitenzi cha kuchanganya vitu kwa vipimo sahihi, kama mpishi apimavyo chumvi. "Moderate" limetokana na "modus", kipimo. Kiswahili kilifuata njia hiyo hiyo. Mtu asiyepitiliza tunamwita mwenye kiasi, na Biblia ya Kiswahili hulitumia neno kiasi kwa fadhila ya kujitawala. Hapa anayeshika hatamu na anayevaa lijamu ni mtu mmoja, na labda ndiyo sababu maneno haya hayana uchungu wa yale mengine.

Pale koo mbili zinapokutana

Koo hizi mbili za maneno, ya uvivu na ya kuzuia, zinakutana katika neno "arrest". Asili yake ni Kilatini "restare", kubaki au kusimama, kile kile kilichozaa "restive". "Arrest" ni kumfanya mtu asimame. Madaktari wanalitumia hivyo hivyo, kwani "cardiac arrest" ni moyo kusimama. Polisi anayemkamata mtu kwa kosa la kusimama bila shughuli anamsimamisha aliyekwisha kusimama.

Jambo hili halikuanza Afrika. Baada ya tauni kuua theluthi moja au zaidi ya watu wa Uingereza katika miaka ya 1348 na 1349, vibarua wakawa wachache na wakaanza kudai ujira mkubwa. Watawala walijibu kwa amri ya mwaka 1349 na sheria ya mwaka 1351, zilizowalazimisha watu kufanya kazi kwa ujira wa kabla ya tauni, na kukataza kuwapa sadaka ombaomba wenye nguvu za kufanya kazi. Sheria ya mwaka 1547 ilipita mipaka yote. Mzururaji aliweza kuchomwa chapa ya herufi V kifuani na kufanywa mtumwa kwa miaka miwili. Ilifutwa baada ya miaka michache.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1824, wakati mitaa ya Uingereza ilipojaa maskini, wakiwamo askari waliorudi kutoka vita vya Napoleon bila kazi wala makazi. Sheria hiyo iliwagawa watu katika makundi, na mawili kati yake yanatuhusu: "idle and disorderly persons" na "rogues and vagabonds". "Vagabond" ni mtu anayezunguka, kutoka kitenzi cha Kilatini "vagari", ambacho ni ndugu wa "vague", kitu kisichoeleweka vizuri. Kwa kweli, sheria yenyewe ilikuwa haieleweki vizuri, na hilo liliwapa polisi nafasi ya kumkamata waliyemtaka.

Waingereza waliyabeba maneno hayo hadi kwenye makoloni yao. Kanuni za Adhabu zilizoanza kutumika Tanganyika na Kenya mwaka 1930 zilikuwa na vifungu vyenye majina hayo hayo mawili. Waafrika waliokuja mijini kutafuta maisha wakakuta tayari wana jina. Na uhuru haukuliondoa jina hilo. Tanzania mwaka 1983 ilitunga Sheria ya Nguvu Kazi, na katika operesheni iliyofuata, wakazi wa Dar es Salaam walioshindwa kuthibitisha kwamba wana kazi walikamatwa wakiitwa wazururaji na kupelekwa vijijini. Wengi walikuwa wachuuzi, yaani watu waliokuwa kazini wakati wanakamatwa.

Miaka ya karibuni mahakama zimeanza kuyachunguza maneno haya. Januari 2017, Mahakama Kuu ya Malawi ilibatilisha sehemu ya kifungu cha "rogue and vagabond" katika kesi ya mchuuzi wa mifuko ya plastiki aliyekamatwa alfajiri akielekea kwenye biashara yake. Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya kisheria kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mahakama hiyo haikuishia kwenye vitendo vya polisi, bali iliyagusa majina yenyewe, ikieleza kwamba yanatokana na mtazamo wa kikoloni na yanamvunjia mtu utu wake. Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ilibatilisha sehemu za kifungu kama hicho. Na mwaka huo huo wa 2022, Bunge la Uingereza lenyewe lilipitisha kifungu cha kuifuta sheria ya mwaka 1824.

Tunajifunza nini kutokana na safari hii? Kwanza, Kiingereza hakikuanza kwa kumlaani asiyefanya kazi. Kilisema yuko mtupu, ana ruhusa, hana maumivu, au anakwenda taratibu. Lawama ziliongezwa baadaye, na ziliwaangukia zaidi wasio na mali. Pili, maneno ya kuzuia, yaliyotokana na kamba na hatamu, siku zote yana mshikaji na mshikwaji, na ni vyema kuuliza nani ni nani.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwa wakazi wa miji yetu, vijana wengi wanaokaa vijiweni asubuhi hawajaikimbia kazi. Wameitafuta wakaikosa, au wanasubiri kuitwa kubeba mzigo, kusukuma mkokoteni au kuendesha bodaboda ya mtu. Hao ni "idle" kwa maana ile ya kwanza, ya mikono mitupu. Mvivu wa kweli yupo, na Kiswahili kina jina lake. Kwa hiyo kiongozi anayesimama jukwaani kuwaita vijana wote wa mtaa wavivu, na askari anayeandika "idle" kwenye hati ya mashtaka, wanapaswa kwanza kueleza wanakusudia maana ipi. Lugha yetu ilikwisha kuwatenganisha watu hao wawili, na sheria zetu hazina budi kufanya hivyo pia.